Kauli Isiyojifasili: Kivumishi 'oracular' na Usemi wa Waonaji wa Kibukusu kati ya Webuye na Kitale

Kivumishi cha Kiingereza 'oracular' hakina umbo la kutisha, lakini mfasiri wa Kiswahili anapokutana nacho katika matini ya kifasihi hulazimika kusimama. Asili yake ni nomino ya Kilatini 'oraculum', ambayo nayo imetokana na kitenzi chenye maana ya kunena, kuomba au kusihi. Nomino hiyo ilitaja mambo matatu bila kuyatenganisha: mahali ambapo mungu huulizwa, mtu anayejibu kwa niaba ya mungu huyo, na jibu lenyewe. Kivumishi kilipoingia katika Kiingereza cha maandishi kilirithi mchanganyiko huo, kisha kikaongeza sifa mbili ambazo hazikuwamo katika asili yake, yaani ugumu wa kueleweka na mamlaka yasiyohojiwa. Mtu anayesemwa kuwa na usemi wa namna hii kwa Kiingereza anaweza kuwa anasifiwa kwa hekima, analaumiwa kwa kuficha maana, au anadhihakiwa kwa kujifanya mkubwa. Shakespeare aliitumia dhihaka hiyo katika tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Graziano anamcheka mtu anayenyamaza na kukunja uso ili adhaniwe kuwa kila neno lake ni la mwisho.

Kivumishi hiki kina majirani wawili, na watumiaji makini hawawachanganyi. 'Delphic', kutokana na hekalu la Delphi huko Uyunani, huelekea zaidi kwenye uwili wa maana: kauli inayoweza kusimama kwa miguu miwili na kumwangusha msikilizaji kwa mguu asioutazama. 'Sibylline', kutokana na wanawake waonaji wa kale walioitwa Sibylla, hubeba kitisho na giza. Nyuma yake mna vitabu vya siri vya Roma vilivyoteketea kwa moto mwaka 83 KK, na pango la Cumae ambamo Virgil alimtembeza shujaa wake. 'Oracular' kiko katikati ya hivi viwili, na uzito wake mkubwa umo katika cheo cha msemaji.

Makala haya yanachunguza jinsi dhana iliyofungwa katika kivumishi hiki inavyojitokeza, na inavyokataa kujitokeza, katika usemi wa waonaji wa Kibukusu wa magharibi ya Kenya. Eneo linalohusika lina kingo mbili: upande wa Bungoma, hasa Webuye na Kimilili, ambako waonaji wenyewe waliishi na kusema, na upande wa Kitale, ambako maneno yao yalihamia pamoja na vibarua wa mashamba ya walowezi na, baada ya uhuru, pamoja na wanunuzi wa ardhi. Jina la Matisi, linalobebwa na mtaa wa Kitale na pia na mahali upande wa Bungoma, ni kama alama ya njia hiyo.

Msamiati wa Kiswahili

Kiswahili hakina kivumishi kimoja kinachokusanya unabii, fumbo na mamlaka. Lugha imevigawa vitu hivi katika maneno mbalimbali, na kila neno lina historia yake. Kubashiri kunatokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu habari njema. Ndiyo maana bishara, kwa asili, ni dalili ya heri, ingawa leo watu hubashiri hata mafuriko. Kuagua ni neno la Kibantu linaloshika pamoja kutazamia na kutibu: mwaguzi hutafuta chanzo cha maradhi kabla ya kutaja siku zijazo. Ramli imetoka katika neno la Kiarabu la mchanga, na bado inanukia ufundi wa alama na hesabu. Fumbo latokana na kufumba, kama mtu anavyofumba macho au kiganja, na kinyume chake, kufumbua, kimo tayari ndani ya mzizi uleule. Kwa Mswahili, kitu kilichofumbwa kinangoja mkono wa kukifumbua.

Neno lenye manufaa makubwa zaidi kwa mjadala huu ni kutabiri. Katika Kiarabu, mzizi wake unahusu kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Vitabu vya tafsiri ya ndoto katika utamaduni wa Kiislamu hubeba neno hilohilo. Katika safari yake hadi Kiswahili cha leo, neno limehama kutoka kwa yule anayefasiri na kufika kwa yule anayesema. Nabii Yusufu, katika maana ya asili, alitabiri kwa kuwa alieleza ndoto ya mtu mwingine. Aliyeota alikuwa mfalme. Mhamo huu si jambo dogo la kamusi. Unaonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili uliwahi kuuweka utabiri upande wa hadhira, na kwamba kauli ya mbele haikuhesabiwa kuwa imetimia mpaka mtu wa pili alipoishughulikia. Kiingereza, kwa kivumishi chake, kimeuweka ugumu ndani ya maneno yenyewe, kana kwamba giza ni sifa ya kauli kama vile urefu ni sifa ya mti.

Mfasiri anayeandika "kauli ya kifumbo" kwa hiyo amepoteza mamlaka. Anayeandika "kauli ya kinabii" amepoteza fumbo, na juu ya hayo amemwingiza msomaji katika Biblia au Kurani bila kukusudia. Anayeandika "usemi wa kiaguzi" atakuwa amempeleka mteja kwa mganga. Hakuna haja ya kulitazama hili kama upungufu wa lugha. Yafaa zaidi kuuliza kama mchanganyiko ule wa Kiingereza umewahi kulingana na hali halisi mahali popote, hata huko Delphi.

Delphi ya masimulizi

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Croesus, mfalme wa Lydia, ambaye Herodotus alikisimulia katika karne ya 5 KK. Croesus aliuliza kama apigane na Waajemi, akaambiwa kwamba akifanya hivyo ataangamiza himaya kubwa. Alivuka mto, akapigana, na himaya iliyoangamia ikawa yake mwenyewe. Kisa cha pili ni cha Waathene waliotishwa na jeshi la Uajemi na kuambiwa watategemea ukuta wa mbao. Wazee wengine walidhani ni ngome ya kale. Themistocles akasema ni merikebu, na vita vya Salamis vya mwaka 480 KK vikampa haki. Tofauti ya visa hivi viwili haitajwi mara nyingi kama inavyostahili. Croesus alilifasiri jibu peke yake, kwa tamaa yake. Waathene walilipeleka barazani, wakabishana, wakapiga kura. Fumbo lilelile la mahali pamoja lilizaa maafa kwa mmoja na wokovu kwa wengine, na kilichotofautiana ni utaratibu wa kufasiri.

Mtaalamu Joseph Fontenrose, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya hekalu hilo, aliyagawa majibu ya Delphi kwa kuzingatia umbali wa wakati kati ya tukio na kumbukumbu yake. Aligundua kwamba majibu yaliyothibitika kihistoria kwa kawaida ni ya wazi na makavu: toeni sadaka kwa mungu fulani, ibada fulani ifanyike hivi. Yale yenye mafumbo mazito ni yale ya hadithi, yaliyoandikwa muda mrefu baada ya matukio yanayodaiwa. Si kila mtaalamu aliyekubaliana naye katika kila jibu, lakini msingi wa hoja yake ni mgumu kuukwepa. Ikiwa ni kweli, kivumishi 'Delphic' hakielezi namna watu wa Delphi walivyosema. Kinaeleza namna wasimulizi wa Kiyunani walivyopenda kuijenga tanzia: mtu mkubwa anaelezwa ukweli, anausikia vibaya, anaanguka. Uwili wa maana ni mahitaji ya msuko.

Plutarch, aliyekuwa kuhani wa Delphi mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2, aliacha maelezo ya namna nyingine. Alipoulizwa kwa nini majibu ya siku zake hayatolewi tena kwa ushairi na giza, alikumbusha kwamba waliokuja kuuliza zamani walikuwa watawala na madhalimu, na kwamba jibu la wazi lingewatia hatarini watumishi wa hekalu. Giza lilikuwa ngao. Hoja hii ya Plutarch ni ya kisiasa kabisa, na inafaa kuwekwa akibani mpaka atakapofikiwa Elijah Masinde.

Mutonyi na nyoka wa chuma

Katika Lubukusu, mwonaji huitwa omung'osi, na wingi wake ni bang'osi. Hachanganywi na omufumu, ambaye jina lake ni ndugu wa mfumu wa lugha nyingine za Kibantu, na ambaye kazi yake ni kutafuta sababu za maradhi na mikosi. Omufumu huulizwa, mtu humwendea akiwa na shida yake. Omung'osi, kwa kawaida ya masimulizi, husema bila kuulizwa, na husema juu ya watu wengi kwa pamoja. Hapa kivumishi cha Kiingereza kinayumba kwa mara ya kwanza, kwa kuwa 'oraculum' ni jibu, nalo jibu linadai kwamba kulikuwa na swali.

Mwonaji maarufu kuliko wote ni Mutonyi wa Nabukelembe, aliyeishi katika karne ya 19, kabla utawala wa Kiingereza haujaimarika. Inasimuliwa kwamba alitangaza kuja kwa wageni na kwa nyoka wa chuma atakayepita katika nchi. Reli ilipojengwa kutoka Nakuru kuelekea Uganda kupitia Webuye katika miaka ya 1920, na tawi lake kufika Kitale mwaka 1926, watu walisema nyoka amekuja. Masimulizi ya Wabukusu yalikusanywa na kuchapishwa zaidi ya nusu karne baada ya wakati wa Mutonyi: kitabu cha Gideon Were juu ya historia ya Abaluyia kilitoka mwaka 1967, na kile cha F. E. Makila juu ya Wabukusu mwaka 1978.

Mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kuupita kimya ukweli kwamba nyoka huyu hakuonekana na Wabukusu peke yao. Wakamba wanamsimulia kupitia Syokimau. Wakikuyu wanamsimulia kupitia Mugo wa Kibiru. Jomo Kenyatta alikieleza kisa hicho katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, akitaja wageni wenye ngozi kama ya chura mdogo mweupe, mavazi kama mabawa ya kipepeo, na nyoka wa chuma mwenye miguu mingi anayetoa moto. Wanandi wanamsimulia kupitia Kimnyolei, Orkoiyot aliyeuawa mwaka 1890. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika pwani ya ziwa mwaka 1901. Nyoka wa chuma, basi, ni fomula: kipande cha usemi kilicho tayari, kinachosafiri kutoka jamii hadi jamii. Kusema hivyo si kumwita Mutonyi mwongo. Ni kusema kwamba kumbukumbu yake imehifadhiwa kwa vifaa ambavyo wasimulizi walikuwa navyo, kama vile sifa za jagina yeyote zinavyohifadhiwa kwa vifaa vya ushujaa vilivyokuwapo kabla hajazaliwa.

Hapa ndipo ulinganisho na Uyunani unapoleta faida isiyotarajiwa. Kwa Wayunani, usimulizi uliyafanya majibu yawe na giza zaidi kuliko yalivyokuwa. Kwa Wabukusu na majirani zao, usimulizi umefanya kinyume: umeyaangaza. Nyoka wa chuma si fumbo tena kwa msikilizaji wa leo. Mtoto wa shule ya msingi hulifumbua kabla msimulizi hajamaliza. Sababu yaweza kutafutwa katika haja za wasimulizi. Wayunani walitaka mfalme aanguke kwa kosa lake mwenyewe, hivyo maneno yalipaswa kumruhusu akosee. Wakenya wa enzi ya ukoloni walitaka jambo jingine: kuonyesha kwamba waliovamiwa hawakushtukizwa, kwamba ujuzi wa nchi ulikuwamo nchini kabla ya bunduki. Utabiri wa namna hiyo hauna haja ya mtego. Unahitaji kutambulika. Fumbo lake ni jepesi kwa makusudi, na wepesi huo ndio heshima yake. Kenyatta, akiandika London kwa wasomaji wa Kiingereza, alilijua hilo vizuri mno.

Kuna kipengele kimoja cha ndani kinachopaswa kuongezwa. Marika ya tohara ya Wabukusu ni manane: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Majina haya huzunguka, na rika lenye jina fulani hurudi baada ya takriban karne moja. Katika mpangilio kama huu wa wakati, kusema yajayo ni jirani wa kukumbuka yaliyopita, kwa kuwa jina la watakaotahiriwa kesho limekwisha kubebwa na mababu. Mwonaji hachungulii mahali pasipojulikana; anasoma gurudumu. Kivumishi cha Kiingereza, kinachodhania kwamba wakati ujao ni pazia, hakikutengenezwa kwa hali hiyo.

Elijah Masinde mbele ya wafasiri wa serikali

Elijah Masinde alizaliwa Kimilili karibu na mwaka 1910, akajulikana ujanani kama mchezaji hodari wa mpira wa miguu, akalelewa katika kanisa la Marafiki na baadaye akaachana nalo kwa sababu ya ndoa ya pili. Katika miaka ya 1940 alijitokeza kama kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyodai kurejesha ibada ya mizimu ya mababu na kuutazama Mlima Elgon, yaani Masaba, kama Sayuni. Alikataa amri za serikali juu ya kazi na kilimo, akakamatwa, na mwaka 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Nairobi, alikokaa hadi 1947.

Hukumu ya Mathari ni tukio la uhakiki, ingawa waliohusika hawakulijua hivyo. Maofisa walikuwa na usemi mbele yao uliodai mamlaka, uliochanganya Maandiko na mizimu, na uliotangaza kwamba Wazungu watakwenda. Walikuwa na njia mbili za kuusoma: kama uchochezi, ambao ni kosa lenye maana, au kama wazimu, ambao hauna maana. Walichagua njia ya pili kwanza. Usomaji wa daktari ni usomaji unaoikana hadhira: mgonjwa husema, lakini hakuna anayeambiwa. Mwaka 1947 Masinde alipotoka, mwezi wa Septemba aliongoza umati kwenda Chetambe, kilima cha Webuye ambako Wabukusu wengi waliuawa mwaka 1895 walipopambana na majeshi ya Waingereza. Hadhira ilikuwapo, tena kubwa. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi na watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa tena, na sasa serikali ikashika njia ya kwanza. Miaka yake ya kizuizini, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliipitisha kwa sehemu kubwa Lamu. Ni jambo la kuvutia kwamba mnenaji huyu wa mlimani aliwekwa katika mji ambao washairi wake walikuwa wameufanya ufumbaji kuwa kipimo cha lugha njema.

Hoja ya Plutarch inarudi hapa, lakini ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Giza la Delphi liliwakinga makuhani dhidi ya madhalimu. Masinde hakujikinga. Katika kumbukumbu nyingi zilizobaki, usemi wake kwa watawala ulikuwa wa wazi kupita kiasi, na gharama yake inaonekana katika orodha ya vifungo, vya wakoloni na vya serikali huru pia, kwani marufuku iliyoondolewa mwaka 1964 ilirudishwa mwaka 1968. Mafumbo yanayonasibishwa naye yameongezeka hasa baada ya kifo chake mwaka 1987. Mtu aliyesema waziwazi alipokuwa hai amekuwa mfumbaji kaburini. Katika hilo tu, historia yake imeshika mkondo wa Kiyunani.

Kumuse

Aina ya usemi wa Kibukusu inayokaribia zaidi kuunganisha mamlaka, fumbo na yajayo haimo katika unabii wenyewe. Imo katika khuswala kumuse, hotuba inayotolewa siku chache baada ya maziko ya mzee mwenye heshima. Hadhira huketi na kunyamaza. Mnenaji, mwenye fimbo na vazi la cheo chake, hutembea katika uwazi ulioachwa katikati, akienda na kurudi, akisimulia asili ya watu kutoka Misri, uhamaji, koo na vita, akionya, akisuta, na akigusa mambo yanayokuja. Si kila mtu huruhusiwa kusimama pale; kazi hii hufuata koo na urithi. Hotuba za Manguliechi, mnenaji aliyejulikana kuliko wote wa zama za karibu, zimechambuliwa na Chris Wasike katika tasnifu yake ya mwaka 2013, ambayo huzitazama hasa kwa upande wa uanaume, uwezo na mahusiano ya kijinsia.

Kwa mjadala huu, jambo la kushikwa ni ule ukimya. Katika kumuse hakuna anayemkatiza mnenaji, na hapo mamlaka ya 'oracular' yanaonekana kutimia. Lakini ukimya huo una mwisho unaojulikana. Watu huondoka na maneno, na maneno huanza kuulizwa majumbani: alipotaja ukoo fulani kwa njia ya mnyama, alikuwa anamsema nani? Alipogeukia upande ule, aliona nini? Waliokaa karibu huwasahihisha waliokaa mbali. Ufasiri umeahirishwa tu. Hili liko karibu na Waathene na ukuta wao wa mbao kuliko na Croesus, na linakubaliana na kile ambacho neno tabiri lilikuwa limekificha ndani yake.

Ebrahim Hussein aliiona hatari ya kukosekana kwa hatua hii. Katika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, mhusika mkuu ananena akiwa amepandwa na Hongo, na miongoni mwa maneno yake mna ahadi kwamba Wamatumbi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka, yeye ndiye msikilizaji wa kwanza kushtuka, kwa kuwa anaona maneno hayo yaweza kumaanisha kumwondoa Mjerumani ili kuingia chini ya Sultani. Anaomba muda wa kufasiri. Wenzake hawampi, fumbo linatafsiriwa kwa haraka ya vita. Mtu wa historia, Kinjeketile Ngwale, alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa bado vichanga, na hakuwa na nafasi ya kuyatazama maneno yake yakizeeka. Hussein alimpa nafasi hiyo jukwaani. Kwa kufanya hivyo aliandika, labda bila kukusudia, uhakiki mkali zaidi wa dhana ya 'oracular' uliopo katika Kiswahili: msemaji wa fumbo si mmiliki wa maana yake.

Kutoka Lubukusu hadi Kiswahili cha Kitale

Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na vibarua wake walitoka pande nyingi. Wafuasi wa Dini ya Msambwa walikuwa miongoni mwao. Baada ya uhuru ardhi iligawanywa na kuuzwa, na Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengine wakawa majirani wasiolingana katika madai yao. Mitaa kama Matisi ilikua katika hali hiyo, na lugha yake ya sokoni ni Kiswahili. Kauli ya omung'osi inapovuka kutoka Lubukusu hadi Kiswahili hicho, inapoteza kwanza vile vishikizo vya ukoo na rika ambavyo wasikilizaji wa kumuse hutumia kuifumbua. Inabaki sentensi fupi yenye jina kubwa mbele yake: Masinde alitabiri.

Hasara hii si ya kitaaluma tu. Mapigano ya miaka ya 1991 na 1992, na yale ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, yaliyagusa maeneo ya Kitale na Saboti kwa ukali, na katika mazingira hayo utabiri juu ya mlima au ardhi husikika kwa jirani kama tangazo la kumhamisha. Sayuni ya Masaba, ambayo kwa mwabudu wa Msambwa ni mahali pa mababu, kwa Msabaoti ni nyumbani kwake. Mzee anayeifahamu kauli katika Lubukusu anaweza kuipunguza makali kwa kuirudisha katika muktadha wake. Kijana aliyeipokea kwa Kiswahili cha mkutano wa siasa hana cha kuirudishia.

Mfano ulio wazi ni ule unaorudiwa kila ukaribiapo uchaguzi mkuu, kwamba Masinde alisema uongozi wa nchi utafika kwa Waluhya baada ya kupitia kwa watu wa ziwani. Umesimuliwa kwa matoleo mbalimbali, na wanasiasa wa Magharibi wameutumia kuunga mkono miungano inayopingana. Kiini cha ugomvi kimo katika kitenzi. Kupitia kwa mtu kwaweza kuwa kumfuata kwa zamu, naye akiwa ametangulia kuketi. Kwaweza kuwa kusaidiwa naye. Kwaweza hata kuwa kumpita njiani. Toleo la kwanza linamtaka Mluhya amchague Mjaluo kwanza. La pili linamtaka asubiri kuinuliwa naye. La tatu halimdai chochote. Msomaji anayetaka utimilifu kwa nguvu anaweza kuupata mwaka 1994, pale Oginga Odinga alipofariki mwezi Januari na uongozi wa FORD-Kenya ukaenda kwa Michael Wamalwa Kijana, mbunge wa Saboti, jimbo ambamo Matisi ya Kitale imo. Uongozi ulitoka ziwani ukafika mlimani, kama ilivyonenwa, ila ulikuwa uongozi wa chama.